Panya wa Kundi la Maji

Ukitaka kujua kama dawa inapunguza uvimbe, sharti kwanza umpate mtu wa kumvimbisha. Watu hawakubali, kwa hiyo tunatumia panya. Mimi niliona jambo hilo halina utata, mpaka nilipomweleza mama yangu mdogo wa Karungu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kweli tulisomeshwa ili tufanye hayo.

Hata hivyo alikuja, maana alikuwa na shida yake. Mama mdogo huchemsha mizizi ya mti ambao amenikataza kuutaja, na nusu ya magoti ya Karungu yanakunjika kwa sababu yake. Wanakwaya wenzake kanisani, ambao baadhi yao hupanda jukwaani kwa magoti aliyoyatibu yeye, waliamua kwamba hiyo kazi ni uganga. Wakamkataza kuimba mpaka alete karatasi ya wataalamu. Alikuwa akiimba sauti ya kwanza tangu kabla sijazaliwa. Alipoachishwa alikonda, nami niliumia kumwona hivyo. Nikamwahidi karatasi.

Tulifanyia kazi katika maabara ya chuo kimoja mjini Homa Bay. Niliwadunga panya wote sindano ya kuvimbisha unyayo, nikawagawa makundi matatu. La kwanza nililinywesha dawa ya mama mdogo, la pili tembe za hospitali, la tatu maji matupu, ili tuwe na cha kulinganisha. Yeye alichemsha dawa na kusafisha vizimba, mimi nikapima nyayo kila siku, kwa siku kumi. Niliwatambia wenzangu kwamba nimeunganisha sayansi na hekima ya wazee. Nilikuwa na majivuno mengi siku hizo.

Siku ya kumi nikapiga hesabu. Panya wa dawa walikuwa wamepona. Wa tembe pia. Na wa maji nao wamepona, wote, kana kwamba hawajawahi kuguswa. Nilipima mara ya pili na ya tatu. Msimamizi wangu alitazama takwimu akatoa hukumu bila hata kuketi: uvimbe umejiondokea wenyewe, na dawa hii haina tofauti na maji.

Nilizunguka na habari hiyo mchana kutwa. Alasiri nikamkuta mama mdogo nje akianika vitambaa vya maabara, nikamwambia taratibu kwamba hata panya waliokunywa maji wamepona.

"Hata hizo za maji?" Akapiga makofi. "Asante Yesu! Hiyo moja ya mkia mfupi nilikuwa naiogopea sana."

"Mama, uliwafanyia nini?"

"Nyathina, mtoto wangu, si nilizipea samaki ya omena? Nilikuwa nachovya kwa dawa kidogo kidogo, asubuhi ukiwa class. Zingine zinatibiwa, hizi zinaangalia tu, zinachechemea. Sasa ningefanya aje, nikae hapo nizione?"

Hasira zilinipanda. Nilimfokea mtu aliyenibeba mgongoni, na mpaka leo naona aibu. Nilimwambia kwamba dawa yake imefanya kazi vizuri mno hata ikaonekana haifanyi kazi, na kwamba ameichana karatasi yake kwa mkono wake mwenyewe. Aliendelea kuanika.

Nilipotulia nikamwambia bado kuna njia. Ningeomba panya wapya, tungerudia yote, ila safari hii asiingie maabara bila mimi. Akiwa na subira kidogo tu, angerudi kwenye kwaya na karatasi yenye muhuri.

"Na kutakuwa na za maji tena?"

"Lazima ziwepo, Mama. Bila hizo hakuna karatasi."

Alibana kitambaa cha mwisho kwenye kamba, akajifuta mikono kwenye leso.

"Basi wacha waimbe bila mimi," alisema, kisha akaniuliza gari la mwisho la Karungu linaondoka saa ngapi.