Sabuni kwenye Picha ya Rais

Nimekana miaka yote, lakini ni mimi niliyeosha picha ya rais. Juzi, katika duka moja mjini Nakuru, niliona mraba mweupe ukutani. Mwenye duka alikuwa ameiondoa picha ya rais. "Hawa nimechoka nao," alisema kwa sauti, bila kuangalia mlangoni.

Nikakumbuka duka la baba kule Keringet, siku za mapigano, lilivyonuka mafuta ya taa na moshi wa mashamba yaliyochomwa. Nilikuwa mtoto, nikamhurumia rais pale ukutani kwa vumbi lake. Nikamsugua kwa sabuni ya unga, maji yakapenya chini ya kioo, uso ukavurugika.

Mchana huohuo askari wawili wakaingia. "Mzee, nani ameharibu hii?"

"Ni paka," nikasema.

"Ni mimi," baba akasema.

Wakaondoka naye. Nilidhani wanampeleka kununua nyingine, na kweli, siku ya tatu alirudi na picha mpya, akichechemea. Nina shahada mbili, na bado nilichukua miaka kuelewa kule kuchechemea.

Jana nikampigia simu. "Baba, haikuwa paka."

Akacheka. "Najua, mama. Vidole vyako vilikuwa vinanuka sabuni. Ndiyo maana niliongea haraka, kabla hawajakusogelea."