Nyumba ya Vikwembe

Kule machimboni, upande wa Kakontwe, mwanamke mmoja akigonga nyundo juu ya pipa tupu, wanaume wanaopakia malori wanageuza nyuso zao kuelekea mlima. Hawaulizi kitu. Wengine wanakaa chini kabisa na kuwasha sigara. Hapo wanawake wanafungua vikwembe, yaani vitenge, vyao vya juu, wanne au watano wanasimama mviringo, kila mmoja ameshika pembe, na katikati, juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakaa yule ambaye matiti yamemjaa. Anamkamulia mtoto aliyemwacha nyumbani. Sisi tunaiita nyumba.

"Nyumba inasimama!" mmoja anapiga kelele.

"Tunaangaria mulima!" wanaume wanajibu.

Likizo hii nimekuwa ukuta wa nyumba hiyo. Pembe moja mkono wa kuume, pembe nyingine mkono wa kushoto, macho chini. Aliyekuwa ndani ni mama yangu.

Ninaandika kwa sababu mdomo wangu haunisaidii. Darasani mwalimu akiniita mbele ninakuwa na jibu, lakini linakwama kooni mpaka mwingine analisema, na mimi ninarudi kukaa kama mtu asiyejua. Mama hayuko hivyo. Mama anaongea na mawe, anaongea na wanunuzi wa kokoto, anaongea na Mungu kwa sauti ambayo majirani wote wanasikia. Siku za kwanza nilimwonea haya. Sasa ninaona tofauti.

Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa mvua zikiwa zinaisha. Mama alipopata nguvu alimfunga mgongoni na kurudi naye kazini, kama alivyotufanyia sote. Lakini kiangazi kilifika, na kiangazi kwenye machimbo ya chokaa si kitu cha kuchezea. Vumbi linapanda jeupe, linakaa kwenye nyusi, kwenye mkate, kwenye pua. Mtoto akaanza kukohoa. Muuguzi wa kituo cha afya alisikiliza kifua chake, akasema asionekane tena kule, na asipewe kitu kingine ila maziwa ya mama.

"Sasa, titi inabaki ku nyumba na minye ninaenda ku kazi?" mama aliuliza.

Muuguzi hakucheka. Alimwonyesha namna ya kukamua: vidole nyuma ya sehemu nyeusi ya titi, kusukuma kwanza kuelekea mbavu, ndipo kubana, bila kuvuta chuchu. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi, ninatazama picha ya chanjo ukutani kama vile nitaulizwa mtihani juu yake.

Kukaa nyumbani mama hakuweza. Baba anachimba mbali, upande wa Kolwezi, anarudi anapopata. Na uji tulikuwa tumeshaujaribu. Siku moja mama alichelewa, mtoto akalia mpaka sauti ikapasuka, na kaku, yaani mama ya baba yangu, akampa uji mwepesi kwa kijiko. Tumbo likaharibika usiku uleule. Kesho yake macho yalikuwa yameingia ndani, na kaku hakutaka kula chochote kwa huzuni. Tangu hapo hatukuhitaji kuambiana. Chupa ikitoka machimboni tupu, mtoto hana kitu.

Chupa yenyewe ni ile ya kioo ya jamu, yenye tunda lililochorwa ubavuni. Kaku anaichemsha asubuhi na kifuniko chake. Mama ananyonyesha, anaondoka. Mimi ninafuata baadaye na chupa hiyo, kidumu cha maji safi na sabuni.

Ningependa mtu aone namna mama anavyoosha mikono. Vidole vyake amevivalisha pete za mpira wa gurudumu ili nyundo isivivunje, na chokaa imekula ngozi mpaka imepasuka mistari. Anavua zile pete moja moja. Ninamwagia maji, anapaka sabuni mpaka kwenye viwiko, anasugua chini ya kucha na kijiti, ninamwagia tena. Inamuuma, ninaona kwa midomo yake, lakini haruki hata kidole kimoja.

"Mupishe, muganga mukubwa anaingia kupasua muntu!" mama wa mapasa alikuwa anasema kila siku, na kila siku walicheka kama ni mara ya kwanza. Huyu naye alikuwa amewaacha mapacha wake nyumbani na dada yao mkubwa, watoto wa kutambaa. Hawa walikuwa wanakula tayari, kwa hiyo yeye hakuwa anajisumbua na chupa.

Ndani ya nyumba mama anainama kidogo, chupa kati ya magoti, anabana, anaachilia, anabana. Maziwa yanapiga kioo, tss, tss, kisha sauti inabadilika chupa ikianza kujaa. Nilikuwa ninafikiri maziwa yanatoka tu, kama maji ya bomba. Kumbe ni kazi kama kazi nyingine, ina mkono wake. Na anaifanya wakati mabega yake yametoka kupiga nyundo tangu asubuhi, na akimaliza anavaa pete zake na kurudi kwenye jiwe. Mimi ninafunika chupa kwa kitambaa chenye maji, ninaiweka ndani ya kikapu, ninatembea nayo kando ya barabara, upande wa kivuli, mpaka nyumbani.

Siku moja alikuja dereva mgeni. Pipa liligongwa, wenzake wakageuka, yeye akabaki amesimama juu ya lori lake, shingo ndefu.

"Kule beko banauzisha nini?" akauliza.

"Maziba!" mama wa mapasa akamjibu. "Lakini benye meno hatubauzishie!"

"Geuka, tata," akasema nkambo, yule bibi mzee anayechekecha kokoto. "Hata weye ulinyonyaka. Haukuota pa muti."

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akaangusha koleo. Dereva akaingia ndani ya lori na kufunga kioo. Kwa haya niliyonayo ningetamani kuingia naye, lakini nilishika pembe zangu, na nyuma yangu mama alikuwa anacheka huku anakamua, maziwa yakaruka yakanipiga kisigino.

Halafu yakaanza kupungua.

Mwanzoni maziwa yalikuwa yanapita lile tunda la kwenye kioo. Yakashuka mpaka katikati ya tunda. Yakashuka chini yake. Nyumbani kaku alimnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, naye alikuwa anakunywa kwa ulimi kama paka, haraka haraka, na kikombe kikiisha alikuwa anakifuata kwa mdomo wazi. Kaku alikuwa anamgeuza upande wa bega na kuanza kumwimbia, kwa maana hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Jioni mama akifika mtoto alikuwa ananyonya mpaka analala amelishika titi, na anaamka tena kwa njaa.

Machimboni kila mmoja alikuwa na dawa yake.

"Kunywa munkoyo, lakini ya moto, isichachuke."

"Sombe na karanga. Karanga mingi."

"Tutaomba. Shetani haina nguvu juu ya maziba."

"Njo mawazo," mama wa mapasa alisema. "Maziba inaogopaka mawazo. Uko unawaza mutoto, unawaza bwana, unawaza mawe. Itapita wapi?"

"Nisiwaze?" mama akamwuliza. "Unionyeshe vile banafanyaka."

Mama alikunywa munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi. Alikula sombe, yaani kisamvu, na karanga. Waliomba, mikono juu ya kichwa chake, ndani ya nyumba ileile ya vikwembe, na mimi nilikuwa nimeshika pembe huku nimefumba macho. Hakuna asubuhi hata moja aliyosema amechoka na ile chupa. Yakitoka kidogo, alinipa hicho kidogo kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa kitu kikubwa, na kuniambia, "Tembea muzuri."

Wiki hiyo baba aliandika kwenye simu kwamba amesahau sauti ya mwanawe. Simu ni yangu, aliniachia yeye, kioo kimepasuka lakini inafanya kazi. Nikangoja mtoto aamke. Nilitaka kumrekodi akiguna, ile sauti yake nzuri ya asubuhi, lakini aliamka na njaa, akaanza na kile kilio chake kidogo cha kuomba, eele, eele, kabla ya kile kikubwa. Nikarekodi hivyo hivyo, nikamtumia baba. Mama alikuwa anafua uani. Akaja mbio, na nilipomtazama kilauzi chake, yaani blauzi, kilikuwa kimelowa mbele, na si maji ya kufua.

Niliona hilo. Nikakaa nalo siku nzima.

Kesho yake pipa liligongwa kama kawaida. Upepo ulikuwa mbaya, wanawake walisogeleana ili vumbi lisiingie. Mama alibana, akaachilia, akabana. Hakukuwa na ile tss. Matone yalikuja, mazito, moja, kimya, lingine. Yalifunika chini ya kioo tu. Alibadilisha upande. Vilevile. Hakulia. Alisema polepole, kama anavyoongea na jiwe lililokataa kupasuka, "Toka basi. Toka, mutoto analala njala."

Wale wanawake hawakuwa na utani tena. Mama wa mapasa alitazama juu, mbinguni au kwenye mlima, sijui.

Simu ilikuwa mfukoni mwa sweta yangu. Lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa ukuta, na upande wangu ndio uliotazama malori. Nikiachilia, mama yangu anaonekana. Na nikifungua mdomo kueleza, wote watanigeukia, watauliza nini, vipi, kwa nini, nami nitakwama kama darasani. Mama akaanza kufunika chupa.

Nikauma pembe moja ya kikwembe kwa meno. Mkono ukabaki huru. Nikatoa simu, nikatafuta ile sauti ya mtoto kwa kidole gumba, nikaifungulia kwa nguvu yote.

Eele. Eele. Eele.

Nyundo zilinyamaza. Kutoka upande wa malori mmoja akauliza bila kugeuka, "Mutoto wa nani huyu analia ku jua?"

Mama aliinua kichwa. Alijua ni simu, aliiona mkononi mwangu, lakini mwili wake haukujua. Mabega yalishuka. Uso wake ukawa ule wa nyumbani, anapomwinamia kitandani. Kisha tone likaanguka kutoka upande ambao hakuwa ameugusa kabisa. Lingine. Kisha likawa uzi mweupe, na mama akaikamata chupa haraka haraka, na tukaisikia, tss, tss, tss, kwenye kioo.

"Yesu!" mama wa mapasa akapiga kelele. "We mwana, zima hiyo kitu! Zima! Angaria kilauzi yangu!"

Tulitazama sote. Miviringo miwili mikubwa, inaendelea kupanuka.

"Usizime," mama akasema.

"Basi muniletee na minye chupa! Niko nabeba ma pembe ya kikwembe huku ninamwangika!"

"Hata yangu imeshtuka," nkambo akasema, anajishika kifuani. "Na mutoto wangu wa mwisho eko na ndebu."

Hapo nyumba nzima ilitikisika. Vikwembe vilikuwa vinapanda na kushuka kwa kicheko, na wapakiaji, ambao hawakuelewa kitu, walianza kucheka nao huku wametazama mlima.

"Tugeuke?" mmoja akauliza.

"Jaribu uone nyundo!"

Mimi sikuweza kucheka, nilikuwa na kikwembe kati ya meno. Sauti ikifika mwisho ninairudia kwa kidole gumba. Mama alikamua titi moja, akakamua la pili, akarudi la kwanza. Maziwa yalifika chini ya tunda, yakalipita, yakafika kwenye shingo ya chupa. Alifunga kifuniko na kubaki ameishika, mikono yake ile iliyopasuka, safi kabisa. Machozi yalikuwa yanatelemka kwenye vumbi jeupe la mashavu yake na alikuwa bado anacheka.

"Nani alikufundishaka?" akaniuliza.

Nilitoa kikwembe mdomoni. "Wewe," nikasema. "Jana, ulikuwa unafua."

Kisha akanipa chupa na kuvaa pete zake za mpira, na kabla sijafika barabarani nilisikia nyundo yake, ninaijua kati ya zote, inapiga mara mbili nyepesi kisha moja nzito.

Njiani sikukimbia. Nilikuwa ninaogopa hata kujikwaa. Karibu na nyumba nilisikia eele, eele, nikadhani simu bado inalia mfukoni, nikaitoa. Ilikuwa imezimika. Ni yeye mwenyewe.

Kaku aliinua chupa kwenye mwanga. "Hii yote ya mama yako?"

Nikamweleza, vipande vipande, na nilipofika kwenye kilauzi cha mama wa mapasa ilibidi aketi kwanza ndipo aweze kucheka. Akanawa, akamimina kwenye kikombe kidogo, akamkalisha mtoto wima magotini. Alikunywa kama kawaida yake, kwa haraka, mikono imekunjwa ngumi. Kaku akamimina tena. Akanywa. Ngumi zikafunguka kidogo. Kaku akamimina tena. Mtoto alionja, akapumzika, akaonja. Kisha akafunga mdomo.

Kaku alisogeza kikombe. Mtoto akageuza uso. Alisogeza tena, kwa kuwa hakuamini, maziwa yakamtelemka kidevuni, na mtoto akasukuma kikombe kwa mkono na kutoa pumzi ndefu kama mzee.

"Anakataa," nikasema.

"Anakataa," kaku akasema.

Tulitazamana. Hatukuwa tumejiandaa kwa jambo hilo. Maziwa ya mama hayamwagwi chini, kwetu wanasema siafu wakiyaonja titi linakauka, na hatukuwahi kuwa na ya kubakiza. Mwishowe kaku alifunga kifuniko, akaiweka chupa ndani ya beseni la maji kwenye kona ya baridi, akaifunika.

"Ya mangaribi," akasema, na akaniambia ninyamaze, mtoto amelala.