Karatasi Ninayotakiwa Kuisoma Mbele ya Bendera

Dada aliyetuandikia anaishi Kamina. Jina lake tumelihifadhi sisi, na la ndugu yake tumelibadilisha. Maneno mengine yote ni yake.

Wasomaji wapendwa, nina miaka kumi na minane. Niko darasa la sita la sekondari, na baada ya miezi michache ninatakiwa kufanya mtihani wa Serikali. Baba yangu ni karani wa stesheni, ambayo tangu vita vianze inapokea askari wengi kuliko abiria. Ninawaandikia kwa sababu nimepewa karatasi niisome, na likizo ikiisha lazima niwe na jibu.

Shuleni kwetu msichana akipata mimba anafukuzwa siku hiyo hiyo. Zamani alikuwa mmoja kwa mwaka, labda wawili. Tangu askari walipojaa mjini, wametoka kumi na mmoja. Mmoja wao ni Ngoie, mtoto wa mama yangu mkubwa, ambaye ninamwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu amenizidi mwaka mmoja. Askari wake aliahidi ndoa, kikosi chake kikapelekwa mbele, na hajasikika tena. Ngoie ndiye aliyekuwa akinielewesha hesabu kila nilipokwama. Alitoka kwa mlango wa nyuma wa shule, na mimi nilikaa darasani nikaendelea kuandika. Hilo linaniumiza hadi leo.

Hatuna vitabu. Mwalimu anasoma, sisi tunaandika. Asiyekuwepo asubuhi hana kitu. Siku moja nilibeba daftari langu nikaenda kwa Ngoie, nikamsomea somo lote kama tulivyosomewa, hata "virgule" penye mkato na "à la ligne" penye mstari mpya. Kesho yake akaja mwingine na mtoto mgongoni. Haukupita muda tukawa wasichana tisa wa asubuhi tunaowasomea kumi na mmoja wa mchana, kwenye kibanda cha jiko cha mama mkubwa, watoto wakiwa wamelazwa juu ya kitenge kimoja. Wakilia wote pamoja, Ngoie anamwiga mwalimu wetu wa kemia: "Silence kule nyuma! Batoto ba siku hizi habana discipline!" Tunacheka mpaka somo linapotea.

Kosa nililifanya mimi. Tumefundishwa kwamba kikundi kisicho na karatasi si kikundi. Basi tukafanya uchaguzi, tukaandika kanuni na kumbukumbu za mkutano, na majina yetu tisa kwa mpangilio: présidente, yaani mwenyekiti, ambaye ni mimi, katibu, msimamizi wa watoto. Tukavaa sare safi, tukampelekea mkuu wa shule, tunayemwita Prefe, tukimwomba ubao mmoja wa zamani. Tulidhani atafurahi.

Alisoma mpaka mwisho. Akauliza, "Nani ameandika hii?"

"Mimi, Monsieur le Préfet."

"Hakuna kosa hata moja," alisema, akaifungia kwenye droo. Kisha akachukua karatasi nyingine, akaandika mistari minne kwa mkono wake, akanisogezea. Inasema kwamba mimi, présidente, ninajuta kushirikiana na wasichana walioharibika. Kwamba Ngoie, aliyetajwa kwa jina lake lote, alinishawishi. Na kwamba kikundi kimekufa. "Utaisoma mbele ya bendera shule ikifunguliwa. Hao wenzako wanane nitawasamehe, usome usisome, ni watoto wa kufuata. Lakini wewe usiposoma, mtihani utausikia kwa jirani."

Nilimwonyesha baba. Alivaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Mutoto wangu, iko mistari mine tu. Soma, shuka, ingia mu darasa. Vita itaisha, diplome itabakia."

"Na Ngoie, Papa?"

"Ngoie njo mutoto wetu pia. Lakini njia yake ilishakatika."

"Nani aliikata, Papa?"

Alivua miwani, akatoka nje.

Nikaenda kwa Ngoie, nikitumaini atakasirika. Aliisoma huku akimnyonyesha mtoto, akacheka kidogo.

"Présidente, juu ya hii njo unalia? Soma tu. Balishaniita mubaya kuliko hii, na miye niko nakula, niko nalala."

"Yaya, watasikia jina lako shule nzima."

"Basikie! Balishalijua. Weye pata diplome, kisha rudia utusomee." Akafuta mkono kwenye kitenge, akafungua daftari lake kwenye ukurasa mpya, akachukua kalamu. "Haya. Leo tuko leçon gani?"

Nilisoma somo la mwisho tuliloandika kabla ya likizo, lakini sauti yangu haikuwa yangu. Msichana ambaye yuko tayari kuitwa ameharibika mbele ya watu wote ili mimi nifaulu, ni nani atakayeniambia kwamba ameharibika?

Kwa hiyo, ndugu zangu, msinishauri kama nikubali maneno ya Prefe. Hayo sitayasoma. Diploma ninaitaka, nimeisomea miaka sita, lakini siitaki kwa bei ya jina la dada yangu. Nimekwisha andika karatasi yangu mwenyewe, mistari minne kama yake: kwamba wasichana hao hawakuharibika, walifukuzwa, kwamba Ngoie hakunishawishi, nilimfuata mwenyewe, kwamba kikundi kiko hai, na kwamba anayetaka somo aje saa nane mchana, hata akiwa na mtoto.

Nikimpelekea ofisini, nitafukuzwa kimya kimya, baba hataaibika, na wasichana wa madarasa ya chini hawatajua kamwe kwa nini kiti changu ni kitupu. Nikiisoma mbele ya bendera watajua wote, na baba ataipata habari kabla hajafika stesheni.

Nishaurini: nimpe Prefe mkononi, au niisome kwa sauti?