Piano iliyopakwa grisi

Leo nimeona mtu akipaka grisi ndani ya piano.

Ni piano ya kanisa letu, hapa Njombe. Jumamosi mwalimu wa kwaya anamwozesha binti yake.

Mzee wa kanisa, fundi magari kule Makambako, alisema tusimwite fundi wa piano, yeye mwenyewe atakaza nyuzi zilizolegea. Akaja na spana zake. Vyuma vinavyokaza nyuzi vilikuwa vigumu, akavipaka grisi.

"Sasa vinazunguka laini, Mwalimu."

Vinazunguka, ndiyo. Havishiki. Grisi imeingia kwenye matundu ya mbao, uzi ukikazwa unalegea.

Mwalimu akabonyeza noti moja. Sauti ikashuka tukiisikia. Akanusa vidole vyake, vinanuka grisi.

"Baba, binti yangu ataingia na wimbo gani?"

Mzee akasema tuombe. Mwalimu hakufumba macho.

Ungekuwa wewe, ungefumba?