Siku Nilipoikosoa Mvua ya Homa Bay

Ipo siku moja ya mvua ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na nisingeitaja kama juzi nisingekusikia ukilalamika hapo kibarazani. Ulimwambia rafiki yako kwamba msichana anakuja Migori, mvua haikatiki, mfuko umekauka, sasa utampeleka wapi. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nakunywa chai. Chai imekwisha.

Nilipokuwa wa umri wako nilikuwa nauza viatu vya mitumba hapa Suna, mjini Migori. Kazi ile ina sheria moja: kiatu ukikipenda, kitukane. Mwenye jumla akifungua mzigo mbele yako, usitabasamu. Kigeuze, sema kisigino kimelala, ngozi imechoka, na hiki cha kulia hakifanani na ndugu yake. Anayesifu hulipa bei kamili. Nami nilikuwa hodari wa kutukana viatu, mpaka ulimi ukazoea, ukawa unafanya kazi hata nikishafunga kibanda.

Basi nikampenda Akoth wa Homa Bay. Jina hilo unalijua, ni la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Tulikuwa tumeonana harusini hapa Migori, akanialika kwao nikamwone nyanya yake aliyemlea. Sisi tunajua, kwa nyanya, Dani tunavyomwita, ndiko mambo huamuliwa kabla wazee hawajaitwa. Dani akinikubali, nimepata mke. Nikaenda. Mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudi tu. Niliihesabu mara mbili, isije ikawa imeongezeka.

Nilipofika mvua ilikuwa inamwagika. Akoth akanipokea akicheka. "Usijali," akasema, "hapa kwetu mvua ina shughuli zake, na hakuna anayelipisha."

Akanipeleka kwanza mahakamani. Unashangaa? Mlango wa mahakama uko wazi kwa kila mtu, benchi ni bure, na paa halivuji. Siku ya mvua watu wa mji hujaa kule kusikiliza kesi. Mzee mmoja alikuwa anadai ng'ombe wa jirani amemlia mahindi usiku. Akaulizwa alimtambuaje gizani. Akasema, "Mheshimiwa, yule namjua kwa tabia." Watu wakacheka, hata hakimu akainamisha uso. Akoth alicheka mpaka akanishika mkono. Mimi sikucheka. Karani kijana alikuwa ametupisha tukae, na alimsalimu Akoth kwa jina.

"Kesi yenyewe ndefu," nikasema tulipotoka. "Kwetu Migori wangemaliza zamani."

Tukaenda penye mabanda ya samaki, ufuoni. Omena, wale dagaa wa ziwani, hawaanikwi mvuani, kwa hiyo akina mama walikuwa wamewafunika kwa turubai, wamekaa wakitegeana vitendawili, na aliyeshindwa anaamrishwa kucheza. Nje ziwa lilikuwa limepotea, ukuta mweupe wa mvua unatembea juu ya maji ukija kwetu. Akoth akasimama kuutazama kama mtu anayetazama mgeni wake akifika. Kijana mmoja wa mitumbwi akamwita.

"Akoth, huyu ndiye mkwe wetu? Mbona amenuna kama ameuziwa samaki wa jana?"

Banda zima likacheka. Nikamwambia Akoth kwamba ziwa ni maji tu, hata mtoni kwetu yapo.

Nitakwambia ukweli, mwanangu. Sijaona kitu kizuri kama mvua ile ikija. Lakini kumbe nilikuwa naona wivu mpaka kwa ziwa, kwa vile alivyolitazama. Mwenye wivu ni kama mchuuzi aliyelogwa: kila kitu anakiona ni mali yake, na kila anayepita anamwona mwizi.

Mwisho tukaingia kanisani, kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kwa ajili ya Jumapili. Mvua inapiga mabati, nao wanaishinda kwa sauti. Mwimbaji mmoja mrefu akamwambia Akoth, "Juzi sauti yako ilikosekana," akasogea ampe nafasi. Akoth akaenda akaimba, na kila mtu uso ukamng'aa. Mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilikaa nyuma nikihesabu wanaume waliomsalimu tangu asubuhi. Nikarudia hesabu. Haikupungua.

Njiani nikamwambia, "Wale wanaume wenu wanaimba kama wanabeba magunia. Na huyo mrefu ni nani?"

Akanitazama kidogo. "Ni mtu anayeimba," akasema. Hakucheka tena mpaka nyumbani.

Dani alinikaribisha vizuri, akaniwekea chai, akaniuliza, "Haya, nyathina, mwanangu, mji wetu umeuonaje?"

Nikautaja wote kwa kasoro zake. Benchi ngumu, samaki harufu, kwaya kelele. Nilidhani naonekana mtu wa maana, mtu asiyebabaishwa. Dani alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Wewe unaposa au unanunua?" akaniuliza. "Anayenunua hutukana kitu ili kishuke bei. Huyu mtoto hakukuuzia chochote. Amekupa siku yake nzima bure, wewe umemrudishia kipande kwa kipande kama mtu aliyepata kiatu kibovu. Kutoa ni moyo, na kupokea pia ni moyo. Huo wa kupokea huna. Maliza chai, magari ya Migori hayangoji usiku."

Nikamtazama Akoth anitetee. Alikuwa anatazama mvua mlangoni.

Usidhani alimchukua yule mrefu, wala karani, wala wa mitumbwi. Nilifuatilia sana. Aliolewa Awendo na dereva wa matrekta ya miwa, mtu ambaye, walivyonisimulia, alikalishwa kwenye benchi lile lile la mahakama akacheka mpaka akatolewa nje. Niliwaona siku moja hapa Migori wakinunua viatu, na si kwangu. Nikakasirika wiki nzima. Hata leo mvua ikianza kupiga mabati bado nakasirika kidogo, ila mama yako huyo usimwambie.

Kwa hiyo, mwanangu, pesa si shida yako. Mpeleke mahakamani, mkasikilize kesi. Simameni barazani kwa mafundi redio, mziki wao hauna kiingilio. Tazameni mto ukijaa, lakini kwa mbali. Kaeni kwa waimbaji. Akicheka, cheka naye. Kitu kikikupendeza, kisifu pale pale, kwa mdomo, asikie. Na akisalimiwa na watu, furahi kwamba watu wanamjua, maana kizuri chajiuza, na asiyesalimiwa na mtu kwao ana sababu. Bei uiache sokoni, huko ndiko kwake.

Nenda. Mungu, Nyasaye wetu, akupe jicho lisilo na kijicho na ulimi mwepesi wa kusifu, akupe nyumba isiyovuja, na ikivuja, ivujie upande wa mgeni asiyejua kuaga.