Farasi Aliyeogopa Leso

Chirau wa Munje hakuwa mtu wa maneno mengi, na alipofiwa na mkewe Mwanaima hata yale machache yakamwishia. Miaka ile ya hamsini alikuwa saisi pale Galu, akimtunza farasi wa mzungu mmoja. Kwa watu ilikuwa salamu tu, basi: ukimuuliza hali atakwambia njema, kisha huyo, kazini kwake. Aliyekuwa akizungumza naye ni farasi. Cheka ukitaka, yeye hakujali.

Farasi mwenyewe alikuwa jike la kijivu, kaletwa kutoka bara kwa gari la moshi, na upande ule wote hakuwa na mwenzake. Chirau alimwita Mgeni. Alikuwa mpole wa kulishwa kiganjani, ila alikuwa na kasoro moja: akiona nguo inapepea, hana akili tena. Na pwani, jamani, utaikwepa wapi nguo inayopepea? Wanawake wote wapitao njia ya ufuoni wamejitanda leso, na upepo hauna likizo. Siku moja ukainua leso ya mama mmoja aliyetoka kuchokoa pweza, Mgeni akaruka kando, na yule mzungu, bwana wake, aliyekuwa amempanda, akaangukia mkono ukavunjika.

Bwana hakufoka. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Chirau: mkono ukifunguliwa plasta atampanda tena, na Mgeni akishtuka tena, atampiga risasi.

Chirau akaanza na gunia. Alilitundika bandani, akamwekea Mgeni pumba mbali kidogo, kesho yake karibu zaidi, hata akalizoea, akawa analisukuma kwa pua. Lakini gunia ni zito, halipepei. Kikoi cha Chirau alikwisha kukizoea zamani. Iliyotakiwa ni leso, tena iliyofuliwa ikalainika, na ni mwanamke gani atakayetoa leso yake itafunwe na farasi? Akaenda kwa shemeji yake Mwanasha, dada wa marehemu, akamweleza shida yake macho yakiwa chini.

"Shemeji, leso unayo sandukuni," Mwanasha akamwambia. "Ulidhani sikujua? Itoe, imfae aliye hai."

Kweli alikuwa nayo. Nguo za maiti hutolewa sadaka, ndiyo ada, na baada ya arobaini Mwanasha alikuja akazichukua akazigawa. Chirau alificha moja, ile ya kisutu ambayo Mwanaima alijitanda kila siku, kwa kuwa ilikuwa bado na harufu yake, asumini na moshi wa jikoni. Kila jioni aliifungua, akainusa, akaikunja upesi asije akaimaliza. Watoto hawakujaliwa. Hakuwa na kingine cha Mwanaima duniani.

Akaitoa. Alilia akiitundika, mtu mzima na ndevu zake, peke yake bandani.

Mgeni alikoroma, akarudi nyuma hata kamba ikakaza. Chirau hakumvuta wala hakumkemea. Haraka haraka haina baraka, na kwa mnyama mwoga ndiyo kabisa. Alikaa chini karibu na leso, akasema naye taratibu, na kwa kuwa hakuwa na habari nyingine, akamsimulia za Mwanaima: alivyopika, alivyomtania kuwa anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Siku zikapita hivyo. Mgeni akasogea, akainusa leso, akailamba, akatafuna pindo lake. Chirau akamsugua nayo shingo, akamfunika nayo mgongo, akaifunga kwenye fimbo ikapepea huku anamwongoza njiani. Mwishowe upepo uliivuta ikampiga usoni, naye akapepesa jicho tu.

Mkono wa bwana ulipopona, akampanda. Wakapita katikati ya wanawake waliotoka kufua, leso zinapepea huku na huku, na Mgeni hata sikio hakugeuza. Bwana akarudi anacheka, akamshika Chirau bega.

"Sasa anauzika," akasema. "Rafiki yangu wa Mackinnon Road anamtaka."

Chirau akaitika, "Vyema, bwana." Alikuwa amemwombea uhai, na uhai akaupata.

Siku ya kuondoka Mgeni aligoma kupanda lori, maana turubai lilikuwa likipepea. Dereva akatafuta fimbo. Chirau akamzuia, akaitupa leso begani, akapanda yeye mwanzo, na Mgeni akamfuata kama anayeingia kwake. Kisha Chirau akashuka. Lori likashika njia ya Likoni, naye akasimama pale hata mlio wake ukapotea.

Jioni, kama ada yake, akaifungua leso, akazamisha uso ndani yake. Asumini haikuwamo tena, wala moshi. Ilinuka farasi.

Akavuta pumzi moja, akaikunja upesi, asije akaimaliza.