Kinga ya Ba Mable

Walinifunga mikono na kamba ya mbuzi, saa sita ya muchana, sababu ya kinga niliyonunua mimi mwenyewe.

Miye Ruffin. Nilikimbia vita kule Pweto, ng'ambo ya ziwa, sasa nalima mihogo mu kambi ya wakimbizi karibu na Nchelenge. Ile siku sikubeba mihogo, sikubeba samaki. Nilitaka kutembea tu na kinga yangu, ile mnaita baiskeli. Siku moja ya peke yangu: nipande milima kuelekea Puta, nione ziwa kutoka juu.

Kwani ni muzungu tu anayeruhusiwa kutembea bule?

Kupita Kashikishi, kila kijiji swali moja.

"Umebeba nini?"

"Hakuna."

"Unaenda wapi?"

"Kule juu. Kisha narudi."

Wananiangalia kama mutu wa kichwa kibovu. Hasira ikaanza kunipanda mapema.

Mulima wa tatu ulinimaliza. Nikashuka, nikasukuma, jasho mpaka mu viatu. Lakini pale juu, ziwa lote lilikuwa chini yangu, linang'aa kama bati mupya. Nikakaa. Nikacheka peke yangu.

"Kabwalala!"

Mwizi. Watu sita walitoka mu mashamba. Mbele yao Boyd, mwanaume mukubwa, panga mu mukono, akakamata usukani.

"Hii kinga ni ya ba Mable! Iliibiwa ku kliniki mu mwezi wa kwanza!"

"Nilinunua!"

"Wakongomani, hii njo kazi yenu," akasema, wenzake wananifunga kamba.

Lile neno lilinichoma kuliko kamba. Niliwatukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kibemba kidogo ninachojua. Miaka saba mu hii nchi, sijagusa hata muhogo wa mutu!

Walimuita ba Mable, 'ba' njo heshima kwa Kibemba, akafika kwa miguu, mama wa miaka hamsini hivi, vumbi mpaka magoti. Kiswahili anajua, aliuzishaka mihogo kwa Wakongomani ku soko. Hakupiga kelele, akamwambia Boyd:

"Mwana wangu, toa ule mupira wa usukani, upande wa kushoto. Ndani nilishindilia kitenge cha kijani, ili isilielie."

"Mutoe!" nikafoka. "Mukikosa, mutaniomba pardon hapa hapa!"

Boyd akavuta mupira.

Kitenge cha kijani.



"Nazalishaka wamama mu hii milima," ba Mable akasema. "Tangu waibe, natembea kwa miguu. Siku moja nilichelewa. Mutoto alikufa."

Boyd alikataa kunifungua. Ba Mable mwenyewe akafungua kamba. Nikamwachia kinga, pampu, kila kitu. Nikashuka ile milima kwa miguu mpaka lori la samaki likanihurumia, na njia yote nilikuwa nasema jina moja: Félix.

Félix njo aliniuzisha ile kinga. Félix tunayeimba naye mu korali ya kanisa. Tulivuka naye ziwa mu mutumbwi mumoja, tukikimbia risasi!

Nilimukuta anapalia mihogo yake.

"Uliiba kinga ya mukunga, Félix? Ya mukunga?"

Hakukana. Akaegemea jembe.

"Nilikuambia usiipitishe njia ya Puta. Uliniuliza sababu? Bei ilikupendeza, ukanyamaza."

Nilitaka kumupiga. Mukono haukuinuka.

Sababu alisema kweli. Alinikataza, na nilisikia. Nikajifanya nimesahau.

Kesho yake nilimukokota mpaka kwa ba Mable, tukapiga magoti wote wawili. Ba Mable alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akapanda kinga yake. Kuko mama wa kuzaa alikuwa anamungojea.

Félix sijamusamehe. Na mimi mwenyewe pia, bado.

Wewe unayesoma, kitu kikikujia rahisi kupita kiasi, uliza kilitoka mu mikono ya nani. Ukiogopa kuuliza, ujue jibu uko nalo tayari.